Wanafunzi wetu wafunzwe ugeni kabla ya kwenda ng'ambo

Hamu ya kwenda kusoma ng'ambo si jambo jipya nchini mwetu. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliabiri ndege kutoka Nairobi kuelekea New York katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, na mamia ya wengine wakafuata nyayo zao katika miaka michache iliyofuata. Wakati huo huo, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa akiwatafutia vijana wengine nafasi katika nchi za kisoshalisti za Ulaya Mashariki. Miaka zaidi ya 60 imepita, na hamu hiyo haijapungua. Lililobadilika ni namna ya kwenda. Siku hizi vyuo vikuu vyetu vina mikataba na vyuo vya Ulaya, Marekani na Asia, na mwanafunzi aweza kwenda kwa muhula mmoja au mwaka mmoja, kisha akarudi kukamilisha shahada yake hapa nyumbani.

Hili ni jambo la kushukuriwa. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na taifa ambalo vijana wake hawajaona zaidi ya ua wa nyumba zao ni taifa linalojinyima. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuliuliza swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika vyuo vyetu na majumbani mwetu: je, vijana hawa tunawaandaa vipi kuuishi ugeni?

Tazama maandalizi yalivyo. Kuna pasipoti, viza, bima, chanjo, barua ya benki na tikiti. Kuna koti zito linalonunuliwa Gikomba. Kuna mkutano wa harambee ambapo ndugu, jamaa na majirani huchangia nauli, na kuna maombi ya kumkabidhi msafiri kwa Mola. Yote hayo ni mema na ya lazima. Lakini katika orodha hiyo ndefu hamna mahali ambapo kijana hufunzwa jinsi ya kuwa mgeni. Hudhaniwa kwamba maadamu amepasi mtihani wa Kiingereza, basi ulimi wake umekwisha kuandaliwa, na yaliyosalia atayajua huko huko.

Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga. Kinachowashinda wengi wa wanafunzi wetu ng'ambo si baridi, wala chakula, wala ugumu wa masomo. Ni lugha. Wala sisemi sarufi au msamiati, kwa kuwa Kiingereza cha vijana wetu ni kizuri, pengine kizuri kuliko cha wenyeji wengine wanaowapokea. Nasema juu ya matumizi ya lugha: nani husema nini, kwa nani, wakati gani, na akinyamaza kimya chake kina maana gani.

Wanaisimu wamelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Dell Hymes, Mmarekani, alitufunza tangu miaka ya 1960 kwamba kujua lugha si kujua kuunda sentensi sahihi tu, bali pia kujua sentensi hiyo inafaa kusemwa wapi na kwa nani. Mwaka wa 1983, mwanaisimu Jenny Thomas aliongeza hoja ambayo kila mwanafunzi anayesafiri angepaswa kuifahamu. Alieleza kwamba mgeni akikosea sarufi, wenyeji humwona kuwa ni mtu ambaye bado anajifunza lugha. Lakini akiwa na sarufi nzuri, kisha akosee katika matumizi, wenyeji hawasemi kwamba amekosea lugha. Humwona kuwa ni mtu asiye na adabu, au mwenye kiburi, au mwenye kujitenga. Kosa la sarufi huhukumiwa ulimi; kosa la matumizi huhukumiwa mtu mwenyewe.

Sasa mfikirie Mkenya. Amekisoma Kiingereza tangu utotoni, na akikizungumza hakuna anayemdhania kuwa mwanagenzi. Basi kila anapokosea matumizi hakuna anayemsamehe, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba hilo ni kosa la lugha. Ufasaha wake wenyewe humponza.

Mifano ni mingi, nami nitataja michache ambayo wanafunzi wanaorejea huisimulia mara kwa mara. Mwanafunzi amealikwa nyumbani kwa mwenyeji huko Marekani. Anaulizwa kama angependa kula kitu. Kwa adabu aliyolelewa nayo, anasema hapana, asante, nimeshiba. Kwetu, jibu hilo ni mlango wa kuingilia tu. Mwenyeji hushikilia, mgeni hukataa tena kidogo, mwenyeji husisitiza, kisha sahani huletwa. Lakini mwenyeji wa Kimarekani aghalabu husikia maneno kama yalivyosemwa. Mtu amesema ameshiba, na kumlazimisha ni kumkosea heshima. Basi sahani haiji. Kijana hurudi bwenini na njaa yake, akiamini kwamba watu wale ni wachoyo. Mwenyeji naye hulala akiamini kwamba kijana yule hakupenda kuwako pale. Wote wawili walikuwa na adabu, kila mmoja kwa kipimo cha kwao.

Mfano wa pili ni neno letu "pole". Mtu akijikwaa, akifiwa, akiugua au akitoka kazini amechoka, Kiswahili kina neno moja la kumfariji. Kiingereza hakina neno kama hilo, na Mkenya hujaza pengo kwa kutumia "sorry". Mwenzake anapoangusha vitabu, yeye husema "sorry", na mwenzake humjibu kwa mshangao kwamba si kosa lake. Jambo dogo, utasema. Lakini mtu anayerudishiwa faraja yake kila siku kama bidhaa isiyotakiwa, hatimaye huacha kuitoa. Na anayeacha kusema pole amepoteza sehemu ya utu wake kama anavyoujua.

Mfano wa tatu ni salamu. Mwaka wa 1923 Bronislaw Malinowski alieleza kuwa kuna mazungumzo ambayo lengo lake si kupashana habari bali ni kuunganisha watu tu. Salamu ya Kimarekani inayouliza hali ni ya aina hiyo. Huulizwa huku muulizaji akiendelea na safari yake, na anayesimama kueleza hali yake hujikuta akizungumza na mgongo wa mtu. Vivyo hivyo kwa yule anayeambiwa kwamba siku moja tule chakula cha mchana pamoja. Kijana wetu husubiri siku itajwe, na siku haitajwi kamwe. Huona amedanganywa.

Lakini tuwe waadilifu. Je, sisi hatuna maneno ya aina hiyo? Mtu anayekula kando ya njia humwambia kila apitaye "karibu tule", na apitaye akiketi kweli na kunawa mikono, mwenye sahani atashangaa. Mtu husema "nakuja" huku akiinuka na kuondoka, na Mkenya yeyote huelewa kwamba atarudi punde. Mgeni kutoka Ulaya husikia neno hilo na kubaki akitazama mlango asijue kama mwenziwe anakuja au anakwenda. Hakuna jamii inayosema hasa inachosema. Kila jamii ina kanuni zake, na wenyeji hawazioni kwa sababu wamezaliwa ndani yake.

Darasani mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa huko alama hutolewa. Mwanafunzi wetu amefunzwa tangu shule ya msingi kwamba heshima ni kusikiliza. Mwalimu akisema, mtoto hunyamaza. Mtoto akiulizwa, hujibu. Katika vyuo vingi vya Marekani, kushiriki mazungumzo darasani ni sehemu ya alama, na anayenyamaza huchukuliwa kuwa hakusoma, au hana fikra. Mwalimu huomba apingwe, na kijana wetu hushindwa, si kwa kukosa hoja bali kwa sababu kinywa chake hakijawahi kumpinga mtu mzima. Aidha, mwalimu huyo huenda akataka aitwe kwa jina lake la kwanza. Kijana aliyezoea kusema "mwalimu" au "daktari" huona jina hilo linamkwama kooni, kwa hivyo huepuka kumwita kabisa, na kwa kuepuka kumwita huepuka pia kumwendea ofisini kuomba msaada anaouhitaji.

Akienda Ujerumani hukuta kinyume chake. Huko lugha yenyewe ina maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe", moja la watu waliokaribiana na jingine la heshima, na kuchagua si jambo la bahati nasibu. Hukuta pia kwamba ofisi, daktari, na hata rafiki huendewa kwa miadi. Kubisha hodi bila taarifa, jambo ambalo kwetu ni ishara ya mapenzi, huko laweza kumfadhaisha mwenye nyumba. Hukuta kwamba sheria inamtaka ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili baada ya kuhamia makazi yake. Hukuta kwamba Jumapili ni siku ya ukimya, na anayepiga muziki au kupigilia misumari siku hiyo hujiletea ugomvi na majirani. Hakuna chochote katika haya kilicho kigumu kujifunza. Kigumu ni kukijua baada ya kukosea, mbele ya watu, ukiwa peke yako.

Hata wakati wenyewe hugeuka. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwangaza. Hesabu hii inafaa sana katika nchi iliyo kwenye Ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima. Lakini katika mji wa Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, ambako kongamano la wataalamu wa Kiswahili limekuwa likifanyika tangu 1987, jua la Desemba huchomoza yapata saa mbili za asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na nusu za alasiri. Mwezi wa Juni halitui mpaka saa tatu za usiku zipite, kama kweli huo waweza kuitwa usiku. Mtu wa kwetu aliyefika huko Oktoba hushuhudia mchana ukipungua siku baada ya siku, naye hajapata kuona jambo kama hilo maishani. Wengine huingiwa na huzuni wasiyoijua chanzo. Ingetosha kama mtu angewaambia mapema kwamba mwangaza utapungua, kwamba moyo huenda ukalemewa, na kwamba mwangaza utarudi.

Liko pia jambo la rangi. Hapa nyumbani kijana ni Mtaita, Mluhya, Mgikuyu au Mswahili. Hajihesabu kuwa mweusi, kwani kila mtu aliyemzunguka ni mweusi. Akishuka ndege hupewa jina hilo kabla hajapewa jingine. Wangari Maathai, aliyekwenda Marekani mwaka wa 1960 kusoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, alisimulia katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 jinsi wakiwa njiani kwa basi walivyoambiwa katika mkahawa mmoja wa Indiana kwamba wangeweza kununua kinywaji lakini wakinywee nje. Sheria za aina hiyo zimekwisha. Hata hivyo, historia iliyozizaa haijakwisha, na kijana anayepelekwa bila kuisoma historia hiyo hana maneno ya kueleza anachokiona machoni mwa watu.

Tutazame basi neno lenyewe, "mgeni". Kwa Kiswahili, mtu asiyejulikana aliyetokea mbali na mtu aliyealikwa kula chakula wote huitwa kwa jina hilo moja. Kiingereza huwatenga watu hawa wawili kwa maneno mawili tofauti, na Kijerumani vivyo hivyo. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu aliyekulia katika lugha yetu hutarajia kwamba kwa kuwa amefika, na hajulikani, basi anastahili kukaribishwa. Kule anakokwenda, kutojulikana hakumpi haki yoyote. Itambidi atoke katika neno la kwanza aingie katika la pili, na mlango huo hufunguliwa kwa maneno yake mwenyewe: kuuliza, kujitambulisha, kualika kabla hajaalikwa. Anayeketi akisubiri kukaribishwa kwa desturi za kwao atasubiri mpaka viza yake iishe.

Wengi hudhani kwamba taabu ya ugeni ni ya majuma ya kwanza. Mwaka wa 1955, mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi kuhusu watu wa Norway waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aligundua kwamba waliokuwa wamekaa huko chini ya miezi sita walikuwa na hali njema, na waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa na hali njema pia. Waliotaabika zaidi ni wale waliokuwa kati ya miezi sita na 18. Watafiti wa baadaye wameyatilia shaka matokeo hayo kuwa kanuni ya watu wote, nao wana haki. Lakini funzo moja linasalia. Furaha ya mwezi wa kwanza si dalili kwamba kijana amezoea. Huenda ni furaha ya mtalii. Taabu huja simu za pongezi zinapopungua, picha za theluji zinapokwisha kutumwa, na kila mtu nyumbani anapoamini kwamba mambo yametengemaa.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha jambo hili. Chunguza jinsi Mswahili anavyosema habari mbaya. Ukimwuliza habari za nyumbani, atakujibu "njema" au "salama", hata kama nyumba imeungua. Adabu yataka jibu la kwanza liwe jema. Kisha, baada ya kitambo, hufuata neno dogo "ila". Salama tu, ila mtoto hajalala siku mbili. Hatujambo, ila mzee ametuacha. Mzigo wote wa habari umo baada ya "ila", na msikilizaji mwenye adabu hulisubiri.

Kijana wetu akiwa ng'ambo hukosa mtu wa kulisubiri neno hilo. Wenyeji wake hawajui kwamba lipo. Wakiambiwa "njema", huridhika na kwenda zao. Hata mshauri nasaha wa chuo, ambaye kazi yake ni kusikiliza, husikia kwamba mambo ni mazuri na kufunga faili. Nyumbani nako, ambako lugha ni moja, "ila" hukatwa kabla halijatamkwa. Mzazi akishasikia kwamba masomo ni mazuri, humshukuru Mungu na kuanza kueleza karo ya mdogo wake, paa linalovuja, na mjomba aliyelazwa. Anadhani mwanawe ana fedha. Hajui kwamba huko Marekani, kwa kawaida, mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Kijana naye atasemaje? Watu 100 walichanga ili aende. Waliuza mbuzi, walikopa katika chama, walimwombea. Kusema kwamba analia usiku ni kuwaambia kwamba mbuzi wao amepotea bure. Basi hunyamaza.

Kimya hicho ndicho hatari kubwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana aliyeshindwa somo moja angeweza kusaidiwa. Aliyeficha kwa mihula miwili hufukuzwa chuoni, na akifukuzwa chuoni viza yake huwa mashakani. Wapo wanaoacha kupokea simu za nyumbani, na jamaa wakasema amesahau kwao, kumbe anaona haya. Wapo wanaorudi wamevunjika moyo, na watu uwanjani wakawauliza wameleta nini.

Utasema kwamba simu za mkononi zimeiondoa taabu hii, kwani kizazi cha 1959 kilingoja barua kwa majuma mengi, ilhali cha leo huonana uso kwa uso na mama kila jioni. Ni kweli, lakini dawa hii ina sumu yake. Mwanafunzi anayekesha akizungumza na Kakamega huamka Bayreuth amechoka, na mwezi wa sita hupita hajapata rafiki hata mmoja katika mji anaoishi. Simu humpa sauti za nyumbani bila kumpa msikilizaji wa "ila" lake.

Wengine watanipinga kwa kusema kwamba kizazi cha Mboya hakikufunzwa ugeni nacho kilifaulu, na kwamba mtu hujifunza kuogelea akiwa majini. Kwanza, tunawajua waliofaulu kwa sababu walirudi na kuandika vitabu, walioshindwa hawakuandika. Pili, wale waliopelekwa Umoja wa Kisovyeti walipewa mwaka mzima wa matayarisho ya lugha ya Kirusi kabla ya kuanza masomo yao, kwa sababu kila mtu alikiri kwamba hawakuijua lugha. Ni wale waendao katika nchi za Kiingereza tunaowadhania kwamba wanajua, na kwa dhana hiyo tunawanyima matayarisho.

Tatu, tuwatazame wanaokuja kwetu. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York kilianza kuleta wanafunzi wake Kenya kwa masomo ya muhula tangu miaka ya 1970. Wanafunzi hao hufunzwa Kiswahili na hukaa katika familia za Wakenya, mjini na mashambani. Hufunzwa kusalimu wakubwa, kupokea kwa adabu, na kula kinacholetwa. Watu hao, ambao lugha yao inazungumzwa katika kila ofisi ya Nairobi, hawakuona aibu kuwafunza watoto wao ugeni. Sisi, ambao watoto wetu huenda wakiwa na fedha kidogo zaidi na mzigo mkubwa zaidi, tunawapa koti na maombi.

Lifanywe nini basi? Kwanza, kila chuo kikuu chenye mkataba wa kubadilishana wanafunzi kiweke somo la lazima la majuma kadhaa kabla ya safari. Somo hilo lisiwe hotuba ya afisa mmoja kuhusu viza na bima. Lifundishwe na waliokwisha kurudi, pamoja na wanafunzi wa kigeni walioko hapa Kenya, kwa mazoezi ya vitendo: kukubali chakula mara ya kwanza, kumpinga mwalimu kwa heshima, kuomba miadi, kumwambia daktari kwamba moyo una uzito. Idara zetu za isimu na lugha zina wataalamu wa kutosha kuliandaa, tena bila gharama kubwa.

Pili, somo hilo litolewe kwa Kiswahili. Wengi watashangaa, lakini sababu ni wazi. Mtu hawezi kuiona kanuni ya kwao akiwa anaitazama kwa lugha ya wengine. Akieleza kwa Kiswahili maana ya "pole", "karibu" na "ila", atatambua kwamba hizo ni kanuni, wala si maumbile ya binadamu wote. Akishatambua hilo, hatawaita wenyeji wake wachoyo wala wanafiki. Atajua kwamba wana kanuni nyingine.

Tatu, tuwakumbushe vijana kwamba ugeni wanaujua tayari. Mtoto wa Kenya huanza maisha kwa lugha ya mama, akatoka nje akakuta Kiswahili, akaingia darasani akakuta Kiingereza. Kijana kutoka Kitui anayefika Mombasa hujifunza upesi kutoa shikamoo kwa wazee, jambo ambalo huko kwao si desturi, na hapotezi Ukamba wake kwa kufanya hivyo. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho, wahenga walisema. Nao hawakusema ling'oe. Kufumba ni kwa muda na kwa hiari, na anayerudi kwao hulifumbua. Ujuzi huu ambao vijana wetu wanao bila kujijua ni mtaji ambao mwanafunzi wa lugha moja hana. Yapasa tu ufanywe kuwa wa makusudi.

Nne, nasi wazazi na jamaa tuna letu la kufanya. Tuache kumtuma mtu kama mbegu ambayo lazima izae mara mia. Kabla hajaondoka aambiwe waziwazi, mbele ya hao hao waliochanga, kwamba akishindwa somo, akiugua au akizidiwa na upweke, ana ruhusa ya kusema, na kwamba mchango uliotolewa haukuwa bei ya kununua kimya chake. Maneno hayo hayagharimu shilingi moja. Aidha, tunapompigia simu, tumwulize yaliyo madogo: amekula nini, nani jirani yake, alicheka lini mara ya mwisho. Naye akisema kwamba ni mzima, tusikimbilie karo na paa. Tunyamaze kidogo.

Vyuo vikuu vitaendelea kutia sahihi mikataba, na viongozi wao wataendelea kupigwa picha wakipeana mikono. Hatuna ugomvi na hilo. Tunachodai ni kwamba kila mkataba uwe na kifungu kinachoeleza nani atamwandaa mwanafunzi, kwa muda gani, na nani atamsikiliza akiwa huko na akisharudi. Mkataba usio na kifungu hicho usitiwe sahihi. Nao wazazi walioitwa kuchanga nauli waulize, kabla ya kutoa hata senti moja, kama kijana wao amefunzwa kulitamka "ila" lake kwa sauti, hata mbele ya watu ambao hawakuzaliwa wakijua kulisubiri.